Habari za Mkono wa Msusi

Duka lao lilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Upande wa mlangoni alikaa Kinyozi na mashine yake ya kunyolea, kioo kirefu, chupa ya spiriti na kiti cha kuzunguka ambacho kiliacha kuzunguka zamani. Upande wa ndani alikaa mkewe, msusi, na mkeka wake, vigoda, machanuo na wateja wasioishiwa maneno. Wapo wanaume waliokuja kunyolewa nywele hata hazijaota vizuri, ilimradi wakae pale wasikilize kinachosemwa ng'ambo ya pazia. Kinyozi alilijua hilo na hakuona wivu. Yeye mwenyewe alimwoa mwanamke yule kwa ajili ya maneno yake.

Mtaa mzima ulimwita Si Haba. Ukimuuliza habari za asubuhi, si haba. Za biashara, si haba. Mvua imeingia ndani na godoro limelowa, si haba, limepata kuoga. Siku aliyojifungua binti yao, mkunga alitoka chumbani ameshika kiuno akamkabili Kinyozi. "Mkeo huyu ni mtu wa namna gani? Namuuliza uchungu umefika wapi, ananijibu si haba. Nimekwenda kunywa chai, narudi nakuta kichwa cha mtoto kiko nje!" Kinyozi alicheka mpaka akakaa chini. Hadithi hiyo aliisimulia kwa kila mteja aliyekaa kwenye kile kiti, na waliokwisha kuisikia walimwacha airudie kwa sababu uso wake uling'aa akiisimulia.

Lakini si kwamba Si Haba hakuumwa kama watu wengine. Mara moja tu katika ndoa yao, huku akimsuka mteja aliyekuwa amesinzia, alimsimulia mumewe kupitia pazia, kwa sauti ya mtu anayezungumzia bei ya sabuni. Mama yao alifariki yeye na dada yake wangali wadogo, wakachukuliwa na mjomba. Dada mtu alikuwa msemaji. Akiumwa tumbo anasema, akionewa anasema, chakula kikiwa baridi anasema. Basi watu wa nyumba ile wakachoka naye, wakampeleka kwa ndugu wengine mbali, na wale wawili hawakulala tena chumba kimoja. Si Haba alibaki. Kila aliyemuuliza hali alimjibu kwa tabasamu, na kila aliyemsikia alimsifu kuwa ni mtoto asiye na makuu. Kinyozi alisimama na wembe mkononi, na mteja wake akamkumbusha kuwa povu linakauka.

Ajali yenyewe ilitokea mchana kweupe. Si Haba alikuwa amekaa kwenye ngazi ya duka, mkono wa kulia ameuegemeza ukutani, anapumzisha mgongo baada ya kusuka kichwa kigumu. Gari la mizigo likaja kinyumenyume. Dereva alikuwa na simu sikioni, anacheka na mtu wake huko aliko, na vioo vya gari sijui aliviwekea nini. Bampa likaukuta mkono ule pale pale ukutani. Watu wakapiga kelele, Kinyozi akatoka mbio, na nyuma yake mteja aliyenyolewa nusu kichwa.

"Umeumia?" Kinyozi akauliza.

"Si haba," akajibu, midomo imekuwa myeupe. "Msimpige huyo dereva, hakuniona." Kisha akazirai.

Dereva naye, tumpe haki yake, hakukimbia. Alimpeleka hospitali kwa gari lile lile, akakiri kosa polisi, na akawa anakuja kumjulia hali mpaka Si Haba akaanza kumwonea yeye huruma. Kidonda kilifunga, mifupa ikaunga, plasta ikakatwa. Vidole ndivyo vilivyogoma. Daktari alivikunja na kuvikunjua, akasema kano zimeshikana ndani, inatakiwa operesheni ya pili, na ifanyike mapema. Ikichelewa, vidole vitabaki hivyo hivyo maisha yote. Operesheni ya namna hiyo si kitu cha kulipiwa na kinyozi. Ilikuwa ya kulipiwa na kampuni ya bima ya lile gari, na hapo ndipo mambo yalipoingia mdudu.

Siku mtu wa bima alipokuja, Kinyozi alikuwa amekwenda kunoesha mikasi. Aliporudi alikuta mkewe anasuuza vikombe kwa mkono wa kushoto, amechangamka kama mtu aliyetembelewa na ndugu.

"Amekuja kijana wa bima. Mtoto ana adabu huyo! Kanisalimia vizuri, kanywa chai, kaniuliza mkono unaendeleaje."

"Ukamjibuje?"

"Nikamjibu kama watu wanavyojibu. Kwani nimjibu vipi?"

Kinyozi akaweka mikasi chini. Alijua wamekwisha. Na kweli, haukupita muda mrefu jibu la kampuni likaja: afisa wetu alimtembelea mdai, na mdai mwenyewe, kwa kinywa chake, alisema mkono unaendelea vizuri. Kwa hiyo hakuna operesheni ya kulipia.

Wakati huo wote nyumbani Kinyozi alikuwa anaona mengine kabisa. Aliona blauzi za vifungo zimeacha kuvaliwa, zimebaki zile za kuingiza kichwani. Aliona kikombe kikishikwa kwa viganja viwili, kama mtoto anavyoshika. Alfajiri alisikia maji ya moto yakimiminwa kwenye beseni, na pumzi ya mtu anayejikaza kisabuni huku akizamisha mkono. Akiamka na kuuliza, "Vipi, mama?" anajibiwa, "Lala bwana, si haba." Nyuma ya pazia dukani kulikuwa kimya. Wateja wake walikuja siku za mwanzo kumpa pole, wakakaa, wakazungumza, kisha wakaenda kusuka kwingine, kwa maana kichwa hakingoji. Wanaume nao wakapungua. Waliobaki ni wale waliotaka kunyolewa kweli.

Siku moja Kinyozi aliamua kumsuka mkewe mwenyewe. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kuondoa nywele, si mtu wa kuzipanga, lakini alikaa kwenye kigoda, akamweka Si Haba chini mkekani, akafuata maelekezo. "Gawa katikati. Katikati, bwana, hapo ni sikioni. Chukua tatu. Vuta, lakini usining'oe." Jasho lilimtoka kama mtu anayechimba kisima. Alipomaliza akampa kioo. Mistari ilikuwa imepinda, mmoja umeanzia kwenye paji la uso na kupotelea njiani, mwingine umesimama wima peke yake. Si Haba akajitazama upande huu na upande huu.

"Si haba," akasema.

Kisha akajifunga kitambaa, na hakukivua siku nzima, hata ndani ya nyumba. Kinyozi alicheka mpaka machozi, naye akacheka, na katikati ya kicheko Kinyozi akamwona anaunyanyua mkono wa kulia kwenda kujikuna kichwani, anaurudisha chini, anajikuna kwa wa kushoto. Hapo kicheko kikamwishia. Kesho yake alifunga duka, wakaenda kwa wakili.

Wakili alikuwa mwanamke kijana mwenye ofisi ndogo juu ya duka la vifaa vya umeme. Alipokuwa mwanafunzi alisukwa na Si Haba kila wiki, akilia na kutukana chini chini, kwa hiyo hawakuhitaji kutambulishana. Alimwita shangazi na Kinyozi akamwita mjomba. Alizisoma karatasi zote huku amekunja uso. Kisha akawaambia ukweli bila kuupamba. Kuna daktari wa hospitali anayesema mkono bado ni mgonjwa, na kuna daktari aliyeletwa na bima anayesema umepona. Madaktari wawili wakivutana, kesi inaangukia mdomoni mwa mgonjwa mwenyewe.

Kinyozi akashika kichwa. Katika midomo yote ya dunia, kesi imeangukia huo!

"Shangazi," wakili akasema, "hakimu anaandika anachokisikia. Hawezi kusoma moyo wako. Usiposema unaumwa, hakuna atakayekusemea. Haya, tujaribu. Mimi ndiye hakimu. Mkono wako unaendeleaje?"

"Mzuri, mwanangu. Nashukuru."

"Shangazi!"

"Basi, basi. Niulize tena."

"Mkono wako unaendeleaje?"

Si Haba akavuta pumzi, akapiga moyo konde. "Unauma," akasema. Kisha, kabla wakili hajatabasamu, akaongeza, "Lakini kidogo tu. Wako wenye shida kubwa kuliko mimi."

Wakili akalaza kichwa juu ya meza. Walirudia mara nyingi, kila walipokwenda pale ofisini, na nyumbani Kinyozi alijifanya wakili wa bima, akavaa koti na kutoa sauti ya puani. Si Haba aliona ni mchezo mzuri sana. Alijibu vizuri pale tu alipokuwa anacheka. Akiacha kucheka, linatoka lile neno la siku zote. Wakati mwingine Kinyozi alitaka kumfokea. Kisha anamkumbuka yule mtoto aliyebaki peke yake nyumbani kwa mjomba, anavua koti, anakwenda kuchemsha maji ya beseni.

Siku ya kesi ilifika. Chumba cha mahakama kilikuwa na feni iliyopiga kelele kuliko upepo iliouleta, mabenchi marefu, na hakimu mzee mwenye miwani na mafua makali. Si Haba alikuwa amevaa gauni lake la heshima. Akaapishwa, na alipomaliza kuapa akamtazama hakimu kwa huruma.

"Pole na mafua, mheshimiwa."

Hakimu akashtuka, akasema ahsante, akajipangusa pua. Watu wakacheka kidogo. Kinyozi hakucheka. Alimjua mkewe: akishaanza kumhurumia mtu, basi tena, yake mwenyewe hayatoki.

Wakili wao akamuuliza aieleze mahakama hali ya mkono wake. Si Haba akautazama mkono ule uliolala mapajani kama si wake. Kinyozi akasogea mbele ya benchi, akisema moyoni, sema, mama, sema. "Unaendelea, mheshimiwa," Si Haba akasema. "Si haba." Wakili akajaribu kuuliza kwa njia nyingine, wakili wa bima akasimama akalalamika kuwa shahidi analishwa maneno, hakimu akakubaliana naye. Ikafika zamu ya yule wa bima, mtu mtaratibu, mwenye tabasamu la muuza duka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Habari za mkono?"

"Nzuri, nashukuru."

"Ahsante, mama. Sina swali jingine."

Akakaa. Si Haba akarudi kwenye benchi na kukaa karibu na mumewe bila kumtazama. Alijua alichofanya. Mkono wake wa kushoto ulikuwa unakunjakunja pindo la gauni, na Kinyozi, aliyekuwa na hasira ya kupasua ukuta, akaushika mkono huo akautuliza. Aliona vidole vya ule mwingine vimekakamaa juu ya gauni, akafikiri, ndiyo basi, hivi ndivyo nitakavyoviona mpaka nife.

Bima wakamwita shahidi wao, yule afisa aliyekwenda dukani. Alikuwa kijana mwembamba, shati limepigwa pasi vizuri upande wa mbele tu. Akaeleza kama alivyoandika: alifika, alikaribishwa, alimuuliza mama habari za mkono, mama akajibu nzuri. Hakuongeza chumvi hata chembe. Wakili wa Si Haba akasimama kumhoji, na Kinyozi aliona wazi kuwa binti yule hana silaha, anapapasa tu kama mtu anayetafuta kiberiti gizani.

"Ulipofika, nani alianza kumsalimu mwenzake?"

"Mimi. Yeye ni mkubwa kwangu."

"Na yeye akakuuliza habari zako?"

"Ndiyo. Aliniuliza habari za nyumbani."

"Ukamjibuje?"

"Nilimjibu nzuri."

"Zilikuwa nzuri?"

Wakili wa bima akaruka juu. "Pingamizi, mheshimiwa! Habari za nyumbani kwa shahidi zinahusiana nini na kesi hii?"

Hakimu akapiga chafya, akajipangusa. "Yeye ndiye aliyetuletea hapa habari alizojibiwa na mtu dukani kwake. Na yeye atuambie zake. Shahidi, jibu. Na ukumbuke umeapa."

Kijana akatazama meza, akatazama mikono yake. Nadhani angeweza kusema ndiyo, zilikuwa nzuri, na hakuna mtu chini ya jua ambaye angembishia. Lakini alikuwa mtoto wa watu, na ameapa.

"Hazikuwa nzuri, mheshimiwa," akasema. "Mwanangu alikuwa amelazwa. Usiku ule wote hakutambua mtu. Nilitoka hospitali nikaenda kazini, kazini wakanituma kwa mama."

Feni ikaendelea na kelele zake. Wakili wao alibaki amesimama, amesahau swali lililokuwa linafuata. Ndipo Kinyozi akasikia benchi linalia, akageuka, akamwona mkewe amesimama.

"Yesu na Maria wangu! Sasa mbona hukuniambia, baba?" Si Haba akasema. Alikuwa anamwambia yule kijana, na uso wake ulikuwa umeharibika kwa uchungu. "Umekaa kwangu, nimekupa chai, tumepiga soga na kucheka, kumbe mtoto yuko hospitali! Mbona hukusema?"

Karani akamwambia akae. Hakukaa. Hakimu akanyoosha mkono kumzuia karani.

"Nilikuwa nimekuja kikazi, mama," kijana akasema taratibu. "Na wewe ulikuwa umefurahi. Nikaona nisikutie simanzi."

"Na sasa anaendeleaje?"

"Anaendelea viz..." Kijana akakatiza. "Bado anaumwa, mama. Tunamrudisha tena wiki hii."

Si Haba akatikisa kichwa, machozi yanamtiririka, na kwa mkono wake wa kushoto akaunyanyua ule wa kulia, akaushikilia mbele ya kifua, na kila mtu akaona uzito wake.

"Na mimi bado naumwa, mwanangu," akasema. "Naumwa sana."

Kinyozi alimsikia. Ndoa yao yote, uzazi, misiba, godoro lililolowa, hakuwahi kulisikia neno hilo kutoka kinywa kile. Hakimu akaweka kalamu chini, akavua miwani, akasema mama arudi mbele, mahakama inataka kumsikia upya. Wakili wa bima alianza kunyanyuka, akamtazama shahidi wake anavyojifuta macho kwa kiwiko cha shati, akakaa tena.

Na Si Haba akasema. Kwanza alisema kwa kijana, kana kwamba wako wawili tu, wanapeana zamu ya kusimuliana. Akaeleza vifungo. Akaeleza chanuo linavyomponyoka. Akaeleza kuwa alfajiri mkono unauma mpaka anang'ata shuka ili mume wake asisikie, na kumbe mume alikuwa anasikia. Akaeleza kuwa anaogopa. Anakaa nyuma ya pazia, peke yake, anavitazama vidole na kuviomba vikunjike, na havikunjiki, na hajui yeye ni nani kama hasuki. Hakimu aliandika, akafungua ukurasa mwingine, akaandika tena. Hakuna aliyemkatiza.

Hukumu ilitoka baadaye, na ilikuwa upande wao, na operesheni ikafanyika. Vidole havikurudi vyote. Viwili bado ni vizito, na anasuka polepole, wateja wanapata muda mrefu zaidi wa umbea. Lakini ukimuuliza Kinyozi siku waliyoshinda, hakutajii siku ya hukumu. Anakutajia siku ile ile, walipotoka nje kwenye ngazi za mahakama, jua limewaka, watu wanapita na shughuli zao. Si Haba alikuwa anashuka taratibu, amemwegemea. Kinyozi akamuuliza kwa mazoea tu, kama alivyomuuliza asubuhi zote za maisha yao.

"Vipi, mama?"

Si Haba akasimama kwenye ngazi. Akafikiri.

"Vibaya," akasema. "Unauma mpaka begani, na nimechoka, na nina njaa. Nishike hapa, chini ya kiwiko. Hapo. Usiachie."

Kinyozi akashika pale alipoonyeshwa. Wakakaa kwenye ngazi pale pale, katikati ya njia ya watu, akalia kama mtoto, na mkewe akamwacha alie.